Utepe Umeamkaje?

Nchi yetu ina jina zuri sana. Siwezi kukutajia, si kwa ubaya, ila kwa sababu bado halijazinduliwa. Limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye kibao kikubwa pale mpakani, likafunikwa pazia, na pazia hilo linamsubiri mgeni rasmi tangu mwaka tulipopata uhuru. Wageni wakituuliza tunatoka wapi tunawaambia, "Kule nyuma ya pazia," nao huelewa, au huchoka kuuliza.

Mimi naitwa Desderi Mkunguga, mtumishi wa umma. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa Afisa Itifaki wa Chuo cha Taifa cha Maarifa na Mengineyo. Kazi yangu ni kujua nani akae kiti gani, nani atajwe kabla ya nani, na nani asitajwe kabisa ingawa yupo mbele. Watu huidharau kazi hii mpaka siku watakapomtaja Katibu kabla ya Kamishna. Hapo ndipo hunitafuta, jasho likiwatiririka.

Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyopata kuwa Mkuu wa Chuo katika nchi yetu, na majukumu yake ni yapi, kwa faida ya vijana wanaotamani kazi hiyo. Nitaeleza kwa mfano wa Profesa Ludoviko Nyangasa, kwa sababu nilikuwa naye tangu siku ya kwanza mpaka siku alipovua viatu.

*

Profesa Nyangasa alikuwa mtaalamu wa magugu. Alijua magugu mia tatu kwa majina, pamoja na tabia zao, na alipoyang'oa aliyaomba radhi kwa sauti ya chini. Mtu mpole kupita kiasi. Inzi akitua kwenye chai yake, alimwachia chai.

Cheo cha kwanza alikipata kwa sababu ya kiti. Mkuu wa Idara alistaafu akaondoka na kiti cha ofisi, na katika idara nzima hapakuwa na mwingine mwenye kiti chake mwenyewe isipokuwa Profesa, aliyekuja nacho kutoka nyumbani kwa ajili ya mgongo. Basi akawa Mkuu wa Idara. Miaka minne baadaye wakatafuta Mkuu wa Kitivo. Siku ya kikao wagombea wote walihutubia, na kila aliyehutubia alimuudhi mjumbe mmoja au wawili. Profesa alikuwa ametoka kung'olewa jino, mdomo umejaa pamba, hakusema neno. Alipita bila kupingwa.

Ukuu wa Chuo ni habari nyingine. Huko lazima faili lako lipite mbele ya Kamati ya Upekuzi, wazee saba wenye miwani minene, ambao hulisoma ukurasa kwa ukurasa wakitafuta jambo moja tu: je, mtu huyu amewahi kuamua kitu? Uamuzi ni doa. Aliyeamua mara moja anaweza kurudia. Walikaa na faili la Profesa siku tatu. Walikuta vikao mia mbili na kumi alivyohudhuria, na kila palipoandikwa "Maoni ya Mkuu wa Kitivo", yeye ameandika "Nimeona". Nasikia mzee mmoja alivua miwani akajifuta machozi, akasema kijana wa namna hii hajapatikana tangu enzi zao.

Uteuzi ulitangazwa redioni, katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, kama ilivyo desturi yetu. Mteuliwa huwa wa mwisho kujua. Nilimkuta bustanini, amepiga magoti, mkono umeshika kisamvu cha porini.

"Hongera sana, Profesa. Umekuwa Mkuu wa Chuo."

"Desderi, wamekosea. Kuna Nyangasa mwingine, yule wa Chuo cha Mifugo."

"Yule alifariki mwaka juzi, Profesa."

"Basi huenda ni yeye," alisema, akaendelea kupalilia.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, ikiwa na orodha ya majukumu. La kwanza lilikuwa kumpokea mgeni rasmi. La pili kumsindikiza. La tatu kumngojea iwapo hajafika, na la nne kuhakikisha wanaomngojea wana nyuso za furaha. Yaliendelea hivyo kurasa tano, maua, mahema, kwaya, urefu wa zulia. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo zilizonifanya nitafute miwani, paliandikwa: "Kusimamia elimu, nafasi ikiruhusu."

*

Sasa nije kwenye daraja, maana hapo ndipo kazi ya Mkuu wa Chuo ilipo.

Chuo chetu kimekatwa katikati na mto Nyakule. Upande wa barabara kuna ofisi, mabweni na jiko. Ng'ambo kuna madarasa, ukumbi wa mitihani, na kijiji wanakokaa wafanyakazi wetu wengi. Zamani palikuwa na daraja la magogo. Halikuwa zuri lakini lilivusha watu. Serikali ikajenga jipya la zege, lenye kingo za chuma zilizopakwa rangi ya fedha, imara kiasi cha kupitisha lori. Lilipokamilika tulifanya jambo la kiungwana ambalo kila chuo chenye adabu kingelifanya: tulilibomoa la magogo, ili lisiliaibishe jipya kwenye picha za uzinduzi.

Kisha tukafunga utepe mwekundu kila mwisho wa daraja, tukaweka kibao kilichoandikwa LIMEZINDULIWA NA MHESHIMIWA, kikifuatiwa na nukta nukta, tukakifunika pazia, tukamngoja Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Madaraja na Sherehe.

Tulingoja miezi kumi na minne.

Wanafunzi wakawa wanavuka kwa miguu mtoni, viatu mkononi, madaftari kichwani, chini ya daraja lenyewe, na kivuli chake wakati wa jua kiliwafaa sana. Askari wawili waliwekwa kulilinda, mmoja kila upande. Yule wa ng'ambo alifika kwenye lindo lake kila asubuhi akiwa ameloa mpaka kiunoni. Walioniuliza kwa nini jiko lisihamishiwe ng'ambo niliwaeleza kwamba jiko limekwisha kuzinduliwa upande huu, na kitu kilichozinduliwa hakihami.

Mimi kazi yangu ilikuwa utepe. Niliukagua kila asubuhi kama umelegea, kama umekojolewa na mbuzi, kama rangi imepauka. Tulishaubadilisha mara sita. Na kila siku saa nne kasoro nilikutana hapo na Bi Asteria.

Bi Asteria alikuwa mpishi mkuu. Mama mnene, mjane, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali hata akisema na aliye karibu. Uji wa wanafunzi wa madarasani aliubeba mwenyewe, ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, kichwani, akavuka nao mtoni huku kanga ameikunja mpaka magotini. Hakumwamini mtu mwingine na ndoo ile.

"Afisa!" aliniita kutoka mbali. "Utepe umeamkaje leo?"

"Umeamka salama, Bi Asteria."

"Umekunywa chai?"

"Bi Asteria, haya ni mambo ya serikali."

"Nauliza tu. Maana naona unatunzwa kuliko mimi. Mimi nikilegea nani atanikaza?" Akaingia majini akicheka peke yake. Siku moja nilimwambia mstahimilivu hula mbivu. Alisimama katikati ya mto, ndoo kichwani, akanigeukia. "Mbivu ipi, baba, na mti wenyewe uko ng'ambo? Mimi najua ile nyingine, ngojangoja huumiza matumbo. Na matumbo ndiyo kazi yangu."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini kesho yake, alipochelewa kidogo, nilijikuta natazama njia ya jikoni.

*

Isidhaniwe kwamba Profesa alilala. Aliandika barua.

Barua ya kwanza ilimwomba Waziri aje kuzindua. Waziri alijibu kwamba atakuja Naibu wake. Naibu akajibu kwamba atawakilishwa na Kamishna, Kamishna akamtuma Mkurugenzi, Mkurugenzi akapata udhuru. Siku ikafika. Tulipanga viti mia nne, kwaya ikaimba kuanzia saa mbili mpaka saa saba juani, wanafunzi wawili wakazimia wakiwa na nyuso za furaha. Saa saba na nusu likaja gari, akashuka bwana mmoja mwembamba mwenye suti iliyomzidi. Alikuwa dereva wa Mkurugenzi.

Nilimpokea kwa heshima zote, itifaki haichagui suti. Nikampa mkasi juu ya kitambaa cha mahameli. Akautazama, akatoa barua yake mfukoni, akaisoma tena.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema. "Hapa wameandika 'kuhudhuria'. Hawakuandika 'kuzindua'."

Niliisoma na mimi. Kweli, kuhudhuria. Basi alihudhuria. Alikula vizuri, akaomba kuona madarasa, na wanafunzi wakambeba mgongoni kuvuka mto kwenda na kurudi. Alituandikia kwenye kitabu cha wageni kwamba daraja ni zuri.

Profesa akaandika barua ya pili, ya kuomba kibali cha kutumia daraja kwa muda. Wizara ikajibu kwa mistari miwili: daraja ambalo halijazinduliwa halipo, na Mkuu wa Chuo anashangaza kuomba kutumia kitu kisichokuwapo. Akaandika ya tatu, kuomba mtumbwi. Akajibiwa kwamba chuo chenye daraja zuri namna ile hakina haja ya mtumbwi, na kwamba ombi lake linaweza kutafsiriwa kuwa ni kukosa imani na daraja.

"Desderi," aliniuliza, barua mbili zikiwa mezani mbele yake, "lipo au halipo?"

"Inategemea unaomba nini, Profesa."

Aliandika pembeni "Nimeona", akaziweka kwenye faili.

Vijana watauliza, kwa nini asipite tu chini ya utepe? Hawamjui Mkuu wa Chuo cha Ushirika. Yule bwana alikuwa na choo kipya kinasubiri uzinduzi. Siku moja tumbo likamshika ghafla, akakata utepe mwenyewe kwa meno. Sasa ni msimamizi wa kituo cha hali ya hewa kule jangwani, kisicho na kipimo hata kimoja. Hutuma taarifa kila siku: "Kuna jua." Watoto wake walifukuzwa nyumba ya serikali siku hiyohiyo, vitanda vikawekwa barabarani. Profesa alikuwa na mke mgonjwa na miaka miwili tu mpaka kustaafu. Kila alipopita karibu na utepe alifumbata mikono nyuma.

*

Masika yakaingia.

Mto Nyakule siku za kiangazi unaweza kuudharau. Masika huvimba na kubadilika rangi, unapita na magogo, na sauti yake inasikika ofisini mpaka kwenye vikao. Wiki ya kwanza maji yalikuwa magotini, ya pili kiunoni. Tulifunga kamba kutoka ukingo huu hadi ule, chini ya daraja, watu wakawa wanavuka wameishika. Na juu yao daraja likakaa kavu, zuri, tupu.

Jumatatu moja Profesa aliniita. Alikuwa amesimama dirishani.

"Mkasi uko wapi, Desderi?"

"Uko kabatini, Profesa. Umefungiwa."

"Ufunguo?"

"Ninao."

Alinyoosha mkono. Nami nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka katika kiganja chake. Naapa niliuweka. Aliushika kwa muda ambao redio ya jirani ilimaliza wimbo mzima. Kisha akaniuliza, "Wewe unaonaje?"

Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Nilijua ninachoona. Nilikiona kila asubuhi saa nne kasoro. Lakini mdomo ulijisemea wenyewe maneno uliyozoea.

"Itifaki, Profesa."

Akanirudishia ufunguo. Nilishusha pumzi, na aibu ya pumzi ile ninayo mpaka leo.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa, akaingia Bi Asteria, anachuruzika maji sakafuni.

"Profesa, shikamoo. Leo yamefika hapa." Akaonyesha kifuani. "Kesho yatafika hapa." Akaonyesha mdomoni. "Sasa mimi ni mtu wa maneno mengi, yakifika hapa mtanisikiaje?"

"Marahaba, Bi Asteria. Usivuke kesho."

"Na watoto? Mitihani inaanza kesho. Wale watavuka kwenda kufanya mtihani, wakae huko mpaka jioni na njaa? Nusu yao hata jana usiku hawakula, nawajua."

"Nitapiga simu sasa hivi. Ukiwa umesimama hapohapo."

Alipiga kweli, na sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, tukasikia wote watatu.

"Ofisi ya Mheshimiwa Waziri, karibu."

"Mimi ni Profesa Nyangasa, Mkuu wa Chuo. Ni kuhusu daraja letu. Maji yamejaa."

"Yamejaa wapi?"

"Mtoni."

"Sasa ulitaka yajae wapi, Profesa?"

"Naomba kusema na Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yuko safarini."

"Atarudi lini?"

"Hajaondoka bado. Lakini kiofisi yuko safarini. Andika barua."

Profesa aliweka simu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Bi Asteria alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilitegemea maneno makali. Alisema tu, "Pole, Profesa," akamwonea huruma mwanaume mzima, akaelekea nje kukamua kanga yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Afisa, uwekee utepe mwavuli. Utaloa."

*

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro. Mvua ilikuwa imekatika. Aliniuliza utepe umeamkaje, nikamwambia umeamka salama. Aliingia majini akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja na ndoo kwa mkono wa pili. Maji yalifika palepale alipoonyesha jana.

Gogo lilikuja kutoka juu. Askari wa ng'ambo aliliona, akapiga kelele. Mimi pia nililiona.

Kamba ilibaki. Ndoo iliibuka mbali kidogo, ikizunguka. Wanafunzi wanne walijitupa majini, wawili wakatoka wenyewe, wawili wakatolewa kwa shida. Mimi nilikimbia kando ya mto nikiita jina lake, viatu vikanitoka, na nilipofika kwenye kona ya mianzi nikaona nakimbiza maji tu. Alipatikana alasiri, chini sana, upande huu wa barabara. Ndoo ilipatikana kabla yake. Kifuniko kilikuwa bado kimebana, na uji ulikuwa haujamwagika.

Ukumbini wanafunzi wengine walikuwa kwenye mtihani wa Uongozi na Utawala Bora.

*

Mheshimiwa Waziri, aliyekosa nafasi miezi kumi na minne, alipata nafasi siku ya pili. Alikuja mwenyewe na magari kumi na moja, wapiga picha, na kitambaa cheusi mkononi. Msiba ulifanyika uwanja wa chuo, upande wa barabara. Makaburi ya kwao Bi Asteria yako kijijini, ng'ambo.

Hotuba yake ilikuwa ndefu na nzuri. Alisema marehemu alikuwa shujaa wa uji. Alisema taifa lijifunze kwake moyo wa kuvuka. Alisema serikali yake ilikwisha kuona mbali na kujenga daraja la kisasa, na akalinyooshea mkono pale lilipo, kavu, na watu wote wakageuka kulitazama.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na mkasi juu ya mahameli. Nilikuwa nimeusugua asubuhi mpaka unang'aa. Nilijiambia leo ndiyo siku. Mgeni rasmi yupo, utepe upo, mkasi upo. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi msibani.

Jeneza likainuliwa, msafara ukaelekea mtoni, ukafika kwenye utepe ukasimama. Ndipo Profesa Nyangasa akatoka mstarini. Hakuwa kwenye ratiba. Alikwenda mbele ya Waziri, akapiga magoti kama alivyokuwa akipiga bustanini.

"Mheshimiwa, nakuomba. Mkato mmoja tu. Apite."

Waziri alimwinua kwa mikono miwili, kamera zikiwaka. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, nilimwona.

"Profesa, Profesa. Nimekuja msibani. Uzinduzi ni sherehe. Una ngoma, una vigelegele, una keki. Unataka nimfanyie marehemu sherehe mbele ya jeneza lake? Watu watanielewaje? Heshima kwanza. Leo tulie. Sherehe tutaipangia siku yake."

Na wenye kujua itifaki wote walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu, kwa kweli, alikuwa sahihi. Nilitafuta kasoro katika maneno yake kwa kichwa chote nilichonacho, sikuiona. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Magari kumi na moja yakageuza.

Watu walibaki na jeneza. Kisha wakateremka nalo ukingoni, taratibu, mmoja mmoja wakiingia majini. Maji yalikuwa yamepungua, yalikuwa kiunoni. Profesa alikaa kwenye majani, akavua viatu, akavipanga vizuri pamoja na soksi, akaingia akashika kona ya mbele. Mwili wa Bi Asteria ukavuka mto Nyakule chini ya daraja, kwa njia yake ya kila siku.

Mimi nilibaki juu, karibu na utepe. Binti yake wa mwisho, Leokadia, msichana wa miaka kama kumi na tisa, alikuwa bado hajateremka. Aliangalia mikono yangu.

"Baba, huo mkasi ni wa nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu asiyejua. Nilitazama utepe. Naye akakunja kanga, akateremka akawafuata wenzake.

Utepe ulikuwa karibu nami kiasi kwamba ulipopepea ulinigusa mkono.

*

Saa saba mchana ya wiki iliyofuata, redio ilitangaza kwamba Profesa Ludoviko Nyangasa ameondolewa ukuu wa chuo kwa kuonekana miguu mitupu mahali ambapo mgeni rasmi alikuwa ametoka kitambo kifupi. Pia alikuwa ametamka ombi lisilo kwenye ratiba, ambalo Kamati ya Upekuzi imelipokea kama uamuzi. Alichukua kiti chake na mke wake akaondoka.

Taarifa hiyohiyo ilimtaja Kaimu Mkuu wa Chuo. Nilikuwa nakunywa chai, nikasikia jina langu. Nilipouliza sifa yangu ni ipi, niliambiwa kuna picha: mimi, nimesimama mkasi mkononi, utepe mbele yangu, saa nzima, na sikuukata. Mzee mmoja wa Kamati alijifuta machozi tena.

Serikali imelipa daraja jina la Bi Asteria, kwa heshima yake. Kibao cha zamani kimeng'olewa, kipya kinachongwa, na kwa kuwa ni daraja lenye jina jipya, foleni ya uzinduzi imeanza upya. Barua yangu ya kwanza kwa Wizara nimekwisha kuiandika. Nimeisoma, ni barua nzuri, na pembeni nimeweka "Nimeona".

Profesa alipita mwezi jana. Hakuingia ofisini, alisimama ukingoni. Magugu yameota kwenye nyufa za mwanzo wa daraja, yamepita chini ya utepe, yamefika ng'ambo. Aliyaangalia muda mrefu, akaniambia jina lao, nimelisahau. Nilimuuliza kama tuyang'oe. Alisema, "Yaache yavuke."

Wanafunzi wanavuka kwa kamba. Mpishi wa sasa ni Leokadia. Saa nne kasoro anateremka na ndoo ile ile, ananisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Mkuu," na hasemi zaidi. Mimi husimama palepale mpaka afike ukingo wa pili, kisha huukagua utepe kama umelegea. Hakuna anayeniuliza umeamkaje.

"Umeamka salama, Bi Asteria," huwa nasema, na askari wa ng'ambo hugeuza uso.